Taa ya kushoto hafifu, soketi imeyeyuka: balbu haina kosa

SWALI: Nina pikapu, Toyota Hilux ya miaka ya 90, inatumia balbu za H4. Nabeba dagaa na mawese kutoka Mwanga hapa Kigoma kwenda Uvinza na Kaliua, na mara nyingi narudi usiku. Taa ya mbele ya kushoto imefifia, inatoa mwanga mwekundu. Nikiwa kwenye dimu (mwanga mfupi), ile taa ndogo ya bluu ya fulu (mwanga mrefu) kwenye dashibodi nayo inawaka kwa mbali. Nimebadilisha balbu mara mbili, hali ni ile ile. Nilipochomoa soketi nikakuta plastiki imeyeyuka upande mmoja. Juzi kwenye matuta taa zote mbili zilizimika sekunde chache zikarudi. Fundi aliona fyuzi ya bluu inakatika mara kwa mara, akaweka ya kijani. Sasa ananishauri nifunge balbu za wati 100 au LED. Nifanye nini, na je, gari linaweza kuungua?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujafika mwisho wa jibu hili, nenda kachomoe hiyo fyuzi ya kijani urudishe ya bluu. Ya bluu ni ya ampea 15, ya kijani ni ya ampea 30. Ya bluu ikikatika tena, iache ilivyokatika, na usitembee usiku mpaka chanzo kijulikane.

Fyuzi haikuwekwa pale kwa ajili ya balbu. Balbu ikiungua imeungua, unanunua nyingine. Fyuzi inalinda waya. Nyaya za kiwandani zinazopeleka umeme kwenye taa za mbele ni nyembamba, na aliyezichagua alizichagua akijua kwamba mbele yake kuna fyuzi ya ampea 15. Ukiweka ya 30, siku waya huo ukigusa bodi, waya ndio utakaopata moto kwanza. Plastiki yake italainika, itayeyuka, na itayeyusha za nyaya nyingine zilizofungwa nao pamoja kwenye wayaringi. Hapo umeme wa taa unaweza kuingia kwenye waya wa honi, wa indiketa, au wowote uliokuwa karibu. Kwa hiyo ndiyo, gari linaweza kuungua, na kwa sasa kinachokusogeza huko zaidi ya soketi iliyoyeyuka ni hiyo fyuzi ya kijani. (Wanaofunga karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara kwenye fyuzi iliyokatika wamekwenda mbali zaidi: wameondoa ulinzi wote.)

Tuje kwenye ile taa ya bluu ya dashibodi, maana hiyo imeshasema karibu kila kitu.

Balbu ya H4 ina nyuzi mbili ndani, wa dimu na wa fulu, na miguu mitatu nyuma: mmoja wa dimu, mmoja wa fulu, mmoja wa pamoja. Magari mengi ya Ulaya mguu wa pamoja ni athi (hasi ya betri kupitia bodi ya gari), na swichi inapeleka chanya kwenye dimu au kwenye fulu. Hilux na Land Cruiser nyingi za miaka hiyo ni kinyume. Mguu wa pamoja ndio unaopokea chanya kutoka kwenye fyuzi yake, na swichi ya usukani inachofanya ni kuunganisha mguu wa dimu au wa fulu na athi. Fundi asiyelijua hili atazunguka na testa (kile kiglobu cha kupimia umeme) siku nzima.

Sasa chukulia kwamba chanya haifiki kwenye balbu ya kushoto, na wewe uko kwenye dimu. Taa ya kulia ni nzima. Umeme unatoka mguu wa pamoja wa kulia, unapita kwenye uzi wa fulu wa kulia, unafuata waya wa fulu unaounganisha taa mbili, unaingia uzi wa fulu wa kushoto kinyumenyume, unafika mguu wa pamoja wa kushoto, kisha unashuka kwa uzi wa dimu wa kushoto hadi athi. Nyuzi tatu zimejipanga kwenye mstari mmoja na zinagawana volti 12, takribani 4 kila mmoja. Volti 4 haziwezi kuwasha balbu. Zinaifanya iwe nyekundu. Na kwa kuwa taa ya bluu imefungwa kwenye waya huo huo wa fulu, inapata volti chache na inawaka kwa mbali. Ukiona mambo hayo mawili kwa pamoja kwenye gari la aina hii, usiguse balbu. Chanya ya upande ule wenye wekundu imepotea, ama kwenye fyuzi ya upande huo, ama kwenye mguu wa pamoja ndani ya soketi. Yako imeyeyuka, kwa hiyo jibu unalo mkononi.

Kwa nini iliyeyuka? Uzi wa dimu wa wati 55 unavuta kama ampea 4.6. Soketi ikiwa imekaza, ampea hizo zinapita bila shida. Ikilegea au ikiingia vumbi, volti zinaanza kubaki pale kwenye mguso badala ya kufika kwenye balbu. Zikibaki volti 2 tu, ni wati 9 za joto kwenye kipande cha bati chenye upana wa milimita 8 hivi, kilichozungukwa na plastiki, tena nyuma ya balbu ambayo yenyewe ni ya moto. Joto hulegeza springi ya kile kibati kinachobana mguu wa balbu, kikilegea mguso unazidi kuwa mbaya, na joto linaongezeka. Ndiyo maana ukiweka balbu mpya inaonekana nzuri siku mbili tatu: kule kuchomoa na kuchomeka kumekwangua uchafu kidogo tu.

Lakini kuna jambo ambalo fundi wako alipaswa kujiuliza. Mguso mbaya kwenye soketi unapunguza umeme, hauongezi, kwa hiyo peke yake haukati fyuzi. Kama ya bluu ilikuwa inakatika, huenda kuna mahali chanya inapiga shoti, yaani inafika athi bila kupita kwenye balbu. Pa kwanza kutazama ni hapo hapo kwenye soketi: plastiki ikishayeyuka, kibati cha chanya kinaweza kusogea kikagusa cha dimu, ambacho swichi imekiunganisha na athi. Hiyo ni shoti kamili. Pa pili ni pale wayaringi inapopita kwenye ukingo wa bati karibu na rejeta na nyuma ya taa. Barabara ya makorongo husugua plastiki ya waya mpaka shaba ionekane. Pa tatu, na hapa si shoti, ni kwenye sanduku la fyuzi lenyewe. Tazama miguu ya fyuzi uliyotoa. Ikiwa imekuwa ya kahawia au plastiki yake imejikunja, sehemu inayoibana imelegea, na fyuzi inakatika kwa joto la nje hata kama umeme unaopita haujazidi.

Vipimo ni hivi. Tafuta mita ya kidijitali. Testa ya kawaida haitoshi, kwa sababu kiglobu chake kidogo kitawaka hata kama umebaki uzi mmoja wa shaba. Fundi ataona testa imewaka atakwambia "moto unafika", na kweli unafika, ila hauwezi kubeba ampea 5. Mguso lazima upimwe taa ikiwa imewaka na mzigo unapita.

Washa injini. Pima betri kwanza, waya mwekundu wa mita kwenye chanya, mweusi kwenye hasi: unataka kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Ikipanda hadi 15 unapokanyaga mafuta, regyuleta ya alterneta ni mbovu na itakumalizia kila balbu utakayonunua. Kisha washa dimu. Acha waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri, na huu mweusi uchomeke kwa nyuma ya soketi, penye waya wa mguu wa pamoja, soketi ikiwa imekaa kwenye balbu. Mita sasa inakuonyesha volti zinazopotea njiani. Chini ya 0.5 ni sawa. Volti 1 ni ugonjwa. Kwako nategemea uone nyingi zaidi. Halafu pima upande wa athi: waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu nyuma ya mguu wa dimu. Hapo pia usizidi 0.5, umeme unapita kwenye swichi ya usukani kabla ya kufika bodi, na vibati vya swichi hiyo huchakaa. Ukitaka kujua kama gari lako kweli ni la chanya ya kudumu, chomoa soketi, washa taa, na pima kila tundu kwa hasi ya betri huku ukibadilisha dimu na fulu. Tundu lenye volti 12 wakati wote ndilo la pamoja.

Volti zinazopotea si hesabu ya vitabuni. Balbu ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti zake hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga. Watu wengi wanaolalamika kwamba taa za Hilux ni hafifu kwa asili yake wanaendeshea volti 11 wakati betri ina 14.

Kuzimika kwa taa zote mbili kwenye matuta ni suala jingine, na ndilo linaloua watu. Soketi ya kushoto haiwezi kuzima ya kulia. Tafuta kitu ambacho taa zote mbili zinakitegemea. Kama dashibodi nayo ilizimika, ni vichwa vya betri: vitoe, visugue, vikaze, na kagua pia waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi. Kama dashibodi ilibaki inawaka na taa za mbele tu ndizo zilizokufa, mtuhumiwa ni relei ya taa (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), swichi ya usukani, au athi ya swichi hiyo. Washa taa gari likiwa limesimama, gongagonga relei kwa mpini wa bisibisi, kisha tikisa kijiti cha swichi taratibu. Zikipepesa, umepata. Taa za mbele zikizimika ghafla safarini, vuta kijiti cha fulu kama unayepiga ishara. Kwenye baadhi ya magari njia hiyo hurudisha mwanga. Washa hazadi, shikilia usukani ulivyokuwa, punguza mwendo bila kukanyaga breki kwa nguvu, toka kushoto.

Matengenezo. Soketi iliyoyeyuka haitengenezwi, na kubana kibati kwa koleo ni kuahirisha. Nunua soketi za H4 za kauri, mbili, hata kama ya kulia inaonekana nzima. Kata waya wa zamani nyuma mpaka upate shaba inayong'aa. Ukikuta shaba nyeusi au ya kijani endelea kukata. Unganisha kwa terminali za kubana kwa koleo lake maalumu, au kwa risasi ya kuyeyusha, kisha vaa mpira wa kusinyaa kwa joto. Kuzungushia waya kwa waya na kuvisha tepu ni kazi itakayorudi masika yajayo. Na ule mpira mweusi wa nyuma ya taa, ambao mafundi wengi hutupa kwa sababu unasumbua kurudisha, lazima uwepo. Bila huo vumbi jekundu linaingia ndani ya reflekta, likifuatiwa na mvua za Novemba, na reflekta ikishapauka haifutiki.

Hapa Kigoma, kwa bahati nzuri, maji ya Ziwa Tanganyika si ya chumvi, kwa hiyo hatuna ile kutu ya pwani. Isipokuwa kama unaporudi kutoka Uvinza unapakia chumvi. Hapo osha fremu na soketi za taa za nyuma kwa maji mengi kila baada ya safari, na athi za nyuma zikague kila mwezi.

Ukiwa tayari umefungua kila kitu, ningekushauri ufunge relei mbili, moja ya dimu na moja ya fulu. Ndiyo tiba halisi ya taa hafifu za Hilux, na inapumzisha swichi ya usukani kabisa, kwa sababu badala ya kubeba ampea 10 itabeba chini ya 0.3. Relei za ampea 30 za volti 12 zina namba chini yake: 30 inapokea waya kutoka chanya ya betri, 87 inakwenda kwenye balbu, 85 na 86 ni za koili, ule waya wa ndani unaoiamsha relei. Waya wa 30 na wa 87 uwe wa milimita za mraba 2.5. Weka fyuzi karibu na betri, isizidi urefu wa kiganja, na ziwe fyuzi tofauti kwa kila upande, za ampea 15, ili shoti ya kushoto isikuachie giza la pande zote. Hiyo ina maana relei moja ya dimu inalisha matundu mawili kupitia fyuzi mbili, na ya fulu vivyo hivyo. Koili zichukue ishara kwenye soketi ya zamani ya upande mzima: mguu wa pamoja uende 86 za relei zote mbili, waya wa dimu uende 85 ya relei ya dimu, wa fulu uende 85 ya relei ya fulu. Athi mpya ya balbu iwe waya wa 2.5 kwa kila taa, kwenye boliti ya milimita 6 iliyokwanguliwa rangi mpaka bati jeupe, ukaze kwa spana namba 10 na upake grisi juu baada ya kukaza. Angalia kwamba baada ya mpangilio huu mguu wa pamoja wa balbu umegeuka kuwa athi. Usichanganye nyaya za zamani na mpya kwenye soketi moja.

Ukimaliza, rudia vipimo vile vile, ila sasa chanya ipime kwenye mguu wa dimu na athi kwenye mguu wa pamoja. Volti zinazopotea zikipungua hadi 0.3 kila upande, kazi imekamilika, na balbu ya 60/55 ya kawaida itakushangaza.

Kuhusu balbu za wati 100: hapana. Mbili kwenye fulu zinavuta ampea zaidi ya 15, nyaya zako za kiwandani hazikuwekwa kwa ajili hiyo, na joto lake hupausha reflekta na kuyeyusha soketi mpya pia. Watu huzifunga kwa sababu volti zinapotea njiani. Wakiziongeza, zinapotea nyingi zaidi, maana mguso mbaya unapoteza kulingana na ampea zinazopita.

LED nayo haikuunguzii gari, hilo tuwe wa haki. Inavuta umeme mdogo, na kwa hilo inaficha mguso mbaya bila kuuponya. Shida yake ni kwamba reflekta ya H4 ilichongwa kwa uzi mwembamba uliokaa mahali maalumu. Vijitaa vya LED havikai mahali pale pale, hivyo mwanga unatawanyika juu na kumpofusha dereva wa lori anayekuja. Nyingi za bei rahisi pia hazikubali mfumo wa chanya ya kudumu: utapata dimu bila fulu, au fulu na dimu vikiwaka pamoja. Na feni yake ndogo nyuma haidumu kwenye vumbi.

Dalili za hatari ambazo hutakiwi kuzipuuza ni harufu ya plastiki inayoungua unapowasha taa, kijiti cha taa au sanduku la fyuzi kuwa la moto mkononi, na taa kuongezeka mwanga unapogusa wayaringi. Ukinusa harufu safarini, zima taa kwanza, toka barabarani, zima injini, kisha toa kichwa cha hasi cha betri. Kwa hiyo spana yake ikae mbele karibu na dereva, isichimbiwe chini ya mizigo. Ukiona moshi unatoka kwenye boneti usiifungue wazi, hewa ikiingia kwa wingi moto unapanda. Legeza kufuli tu, ingiza mdomo wa mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga, kwenye upenyo, piga. Wewe unapakia mawese, na madumu ya mafuta nyuma hayakupi muda wa kufikiri.

Mpaka utengeneze, endesha kwa hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde moja na nusu ya kushtuka ni mita 33, na breki kwenye changarawe zinahitaji mita 50 nyingine. Dimu nzima ya gari iliyo sawa haikuonyeshi mita 80 za uhakika, sembuse taa moja. Baiskeli yenye magunia ya mkaa isiyo na kiakisi utaiona ukiwa umeshaifikia. Tena taa iliyokufa kwako ni ya kushoto, upande ambao wapita njia na baiskeli wapo. Anayekuja mbele, akiona taa moja tu, atakudhani pikipiki.

La mwisho ni kulenga taa. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, sehemu tambarare, likiwa na mzigo unaobeba kawaida, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua pua na taa huanza kuangalia vichwa vya watu. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, chora alama hiyo ukutani, kisha shusha sentimita 5. Mstari wa juu wa dimu uishie hapo, ukiwa tambarare upande wa kulia na ukipanda kidogo upande wa kushoto. Ukiona unapanda kulia, taa hizo zilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Kigoma hilo hutokea, kwa kuwa Burundi na Kongo wanaendesha kulia na taa za mitumba huvuka mpaka. Skrubu ya kulenga haiwezi kulirekebisha. Tafuta taa nyingine.